Kampuni Iliyokodi Pwani: Maswali Yenu Kuhusu Mombasa

Tangu nilipoandika juu ya Kampuni ya Kiingereza (Imperial British East Africa Company) iliyokuja Mombasa mwaka 1888, maswali yamemiminika. Haya ndiyo yaliyojirudia zaidi.

Mwalimu, je, ni kweli Kampuni ndiyo iliyoanzisha biashara Mombasa? (Msomaji, Kisauni)

Si kweli hata kidogo. Ibn Battuta alipita hapa mwaka 1331 akakuta mji na misikiti yake. Kampuni nayo ilikuta forodha na wafanyabiashara waliojuana na Bara Hindi na Uarabuni vizazi na vizazi. Ilichoanzisha ni ofisi.

Kwa nini Waingereza waling'ang'ania Mombasa? (Msomaji, Majengo)

Kwa kuwaogopa Wajerumani. Mwaka 1884 Mjerumani Karl Peters alizunguka bara, nyuma ya Bagamoyo, akikusanya mikataba ya ardhi. Mwaka 1886 London na Berlin zikachora mpaka kutoka mlango wa mto Umba, ukapita Kilimanjaro hadi Ziwa Victoria. Sultani wa Unguja akaachiwa visiwa na ukanda wa pwani wa maili 10. Wajerumani walikuwa kusini, na kaskazini wameshaishika Witu, usultani mdogo karibu na Lamu, tangu 1885. Mombasa ikabaki katikati, tena yenye bandari ya kina kirefu kuliko zote upande wa Waingereza.

Mei 1887 Sultani Barghash wa Unguja akawakodishia kina William Mackinnon, waanzilishi wa Kampuni, ukanda huo, kutoka Vanga hadi Kipini, kwa miaka 50: wao wakusanye ushuru, naye apelekewe fungu lake. Witu Wajerumani waliiacha mwaka 1890, walipopewa kisiwa cha Heligoland huko kwao Ulaya. Watu wa Witu hawakuulizwa, na hilo linaniuma kila nikilisoma.

Mbona wenzetu wa Pangani walipigana mwaka 1888, sisi tukanyamaza? (Msomaji, Likoni)

Hatukunyamaza, tulichelewa. Kule Wajerumani waliingia kwa ubabe wa bendera, na Abushiri bin Salim akawasha vita. Hapa George Mackenzie wa Kampuni alikuta mji umechemka kwa sababu ya watumwa waliotoroka na kukimbilia misheni ya Rabai. Akawalipa mabwana zao fedha, na watu zaidi ya 1,400 wakapewa hati za uhuru. Alinunua amani, lakini tuseme wazi: malipo yalikwenda kwa mabwana, si kwa waliovuja jasho mashambani.

Vita vyenyewe vilikuja mwaka 1895, baada ya ugomvi wa nani arithi uongozi wa Takaungu. Mbaruk bin Rashid al-Mazrui aliwasumbua Waingereza kwa miezi mingi, kisha Aprili 1896 akavuka mpaka na watu wake, akajisalimisha kwa Wajerumani. Alijua mahasimu wale hawapendani.

Naishi Port Reitz. Huyo Reitz ni nani? (Msomaji)

Ni luteni John James Reitz. Mwaka 1824 Wamazrui, ukoo uliotawala Mombasa wakati huo, wakimhofia Seyyid Said wa Omani, walimwomba Kapteni Owen wa manowari Leven awape ulinzi wa Waingereza. Akakubali, kwa sharti biashara ya watumwa ikome na nusu ya ushuru iende kwa Waingereza. Reitz akaachwa hapa kama gavana, na homa ikamuua kabla mwaka haujaisha. London ikakataa mpango wote, bendera ikashushwa mwaka 1826. Mwaka 1837 Seyyid Said akautwaa mji. Ukiteremka ngazi za Leven pale Mji wa Kale, ujue mgeni huyu aliitwa na wenyeji, kwa hesabu zao wenyewe.

Kampuni ilipata faida? (Msomaji, Tudor)

Haikupata. Ilitoa hata sarafu zake zenye alama ya mizani, lakini gharama za kuishikilia Uganda ziliikausha. Julai 1895 serikali ya Uingereza ikachukua mahali pake na kuilipa pauni 250,000. Kati ya hizo, 200,000 zilitoka katika fedha za Sultani mwenyewe, alizolipwa na Wajerumani kwa kipande chao cha pwani. Yaani Unguja iligharimia kuondoka kwa mpangaji wake! Sultani akawa analipwa na Waingereza kodi ya pauni 11,000 kwa mwaka, pamoja na pauni 6,000 za riba ya zile 200,000, mpaka Kenya ilipopata uhuru mwaka 1963.