Pangaboi lilivyonifunza ukungu wa mwendo

Nilikuwa na kazi ya kuweka pangaboi la kompyuta kwenye video halisi ya sebule. Umbo lilikuwa safi na mwanga umekubali, lakini nikilizungusha, mtu yeyote alijua ni la bandia. Panga zilikuwa na kingo kali kama zimegandishwa kila fremu, yaani kila picha moja ya video.

Kosa langu la kwanza lilikuwa kurenda, yaani kuiachia kompyuta itoe picha ya mwisho, bila ukungu wa mwendo (ule ufifiaji wa kitu kinachokwenda kasi mbele ya kamera), kisha kuuongeza baadaye kwa kuivuta picha kufuata mwelekeo wa mwendo. Njia hiyo ni ya haraka, na kwa kitu kinachopita mbali inatosha. Hapa iliniangusha. Kivuli cha panga darini kilibaki na kingo kali huku panga lenyewe limefifia, na dari iliyojificha nyuma ya panga haikuwemo kwenye picha, kwa hiyo programu ikaikisia vibaya.

Ushauri wangu: anza na kamera. Uliza video ilipigwa kwa shata gani, yaani mlango wa mwanga wa kamera ulikaa wazi kwa muda gani kila fremu. Yangu ilikuwa fremu 25 kwa sekunde, shata 1/50 ya sekunde, yaani mlango uko wazi nusu ya muda wa fremu. Kwenye Blender, programu ya picha za 3D, upande wa Cycles, injini yake ya kurenda, hiyo ni shata 0.5. Kuanzia hapo kila mwali wa mwanga ambao programu inaufuatilia hupewa nukta yake ya wakati ndani ya muda huo, na vivuli na viakisi hufifia vyenyewe. Wazo hili watafiti wa picha za kompyuta Cook, Porter na Carpenter walilichapisha mwaka 1984. Gharama yake ni chembechembe kwenye picha, kwa hiyo ongeza sampuli, yaani idadi ya miali kwa kila pikseli.

Halafu piga hesabu ya mzunguko, maana hapa ndipo nilipopoteza siku nzima. Pangaboi langu lilizunguka mara 250 kwa dakika, sawa na nyuzi 60 kila fremu. Kwa panga 3, kila fremu ya pili zinarudi mahali palepale, basi jicho likaona panga 6 zinazopepesa, zisizojulikana zinaelekea wapi. Ukungu hautibu hilo. Nilipunguza hadi mizunguko 150, nyuzi 36 kwa fremu, na panga likafagia nyuzi 18 shata ikiwa wazi. Likatulia.

Kama panga linaendeshwa na mfupa, yaani kiunzi cha ndani kinachosogeza umbo, ongeza pia hatua za mwendo (mara ambazo programu hupima mkao wa panga ndani ya muda wa shata), la sivyo ncha hukata kona badala ya kufuata duara.

Siku hizi kabla ya kutuma kazi naangalia kivuli kwanza.