Re: Tofauti ya kupakia klasi kistatiki na kidainamiki kwenye Java

Mkuu, umeuliza kwa nini Class.forName (inayopakia klasi kwa jina lililoandikwa kama maandishi) itumike wakati new (neno la kuunda kitu cha klasi moja kwa moja) ipo. Tofauti kubwa ni nani anayelijua jina la klasi, na lini.

Ukiandika new Gari(), kompaila (programu inayotafsiri msimbo wako kabla haujakimbia) lazima iione klasi ya Gari papo hapo, la sivyo inagoma. Huko ndiko kupakia kistatiki. Ukikompaili vizuri halafu faili la Gari likapotea, programu ikilifikia inaanguka na NoClassDefFoundError.

Class.forName("Gari") ni habari nyingine, huko ndiko kupakia kidainamiki. Kwa kompaila hayo ni maandishi tu, hata ukiandika "Gaari" inapita. Jina linatafutwa programu ikishaanza kukimbia. Lisipopatikana unapata ClassNotFoundException, ambayo Java inakulazimisha uidake au uitangaze kwa throws. Mimi niliwahi kukesha kwa herufi moja iliyozidi kwenye jina la draiva ya hifadhidata (klasi inayounganisha programu na hifadhidata). Kompaila kimya kabisa!

Draiva ndio mfano mzuri: jina unaliweka kwenye faili la mipangilio, ukihama hifadhidata ya MySQL kwenda PostgreSQL hukompaili upya kwa ajili ya draiva. Ila tangu JDBC 4.0 (JDBC ni njia ya Java ya kuongea na hifadhidata), iliyokuja na Java 6, draiva hujipakia zenyewe zikiwa kwenye classpath (orodha ya mahali Java inapotafuta klasi), kwa hiyo ule mstari wa Class.forName kwenye mafunzo ya zamani mara nyingi hauhitajiki.

Halafu hilo neno "kistatiki" lisikuchanganye: hata ukitumia new, kwa kawaida JVM (mashine pepe inayoendesha programu za Java) huipakia klasi pale inapohitajika, si zote kwa mkupuo mwanzoni.