Fumo: cheo kilichogeuka jina

SWALI: Mume wangu, mzaliwa wa kisiwa cha Pate, Lamu, anataka mtoto wetu aitwe Fumo kama babu yake. Ndugu zangu wanasema si jina la Kiislamu. Lina maana gani?

JIBU: Hongera, mama. Fumo ni mkuki wenye bapa pana, na huko Pate kilikuwa pia cheo cha mtawala. Wachewa wa Malawi nao humwita chifu “mfumu”. Si la Kiarabu, kweli, lakini masultani Waislamu walilitumia, akiwemo Fumo Bakari wa Witu, pwani ya Kenya, aliyeshambuliwa na Waingereza mwaka 1890. Hutangulia jina jingine, kama Fumo Liyongo, kwa hiyo Fumo Omari litakaa vizuri. Kwenye usajili liandikeni kwa herufi kubwa: karani asiyelijua anaweza kusoma “Juma”, na kusahihisha cheti ni kazi.