Tumbili nilimwona, nondo sikumwona

Mahindi yangu ekari mbili yako kando ya mto, Morogoro. Msimu wa kwanza tumbili walinitia hasara kubwa. Walishuka kutoka kwenye miti ya mtoni, wakang'oa hindi, wakaling'ata mara mbili, wakalitupa na kushika jingine. Msimu wa pili nikajenga kibanda, nikatafuta mbwa, nikashinda shambani kutwa.

Kulinda mahindi dhidi ya tumbili si kazi ndogo. Watafiti waliofanya kazi Amboseli, Kenya, walionesha mwaka 1980 kwamba tumbili wana mlio mmoja wa chui, mwingine wa tai, mwingine wa nyoka, na wenzao wakiusikia wanajua wapande mti, watazame juu au wakague majani. Mnyama wa akili hiyo anakusoma. Usikae kibandani tu. Zunguka, na ubadilishe saa zako.

Lakini mahindi yalipofika magotini nikaona majani yametobolewa, na kwenye moyo wa mmea kuna uchafu kama unga wa mbao. Kiwavijeshi vamizi! Mama yake ni nondo mdogo wa kijivu, anaruka usiku, wakati mimi nimelala.

Hapo ndipo nilipojua nimempa tumbili hofu yangu yote bure. Tumbili jike hubeba mimba miezi mitano na nusu, akazaa mtoto mmoja. Nondo huyu huishi siku kama kumi tu, naye hutaga mayai zaidi ya elfu moja, mafungu mafungu ya mia na zaidi, ameyafunika manyoya laini. Asili yake ni Amerika. Afrika aliripotiwa 2016, na mwaka uliofuata alishafika Tanzania. Mbwa atamfukuzaje?

Kwa hiyo, mkulima mwenzangu, mahindi yakishaota kagua mara mbili kwa wiki. Pita shamba kwa kukata kona, geuza majani, fungu la mayai lisage kwa vidole papo hapo. Kiwavi utamjua kwa alama nyeupe ya Y iliyopinduka kichwani na madoa manne yaliyopangika kama mraba karibu na mkia. Mpate angali mdogo, kwani akishazama kwenye moyo dawa haimfikii vizuri. Dawa yenyewe muulize bwana shamba, upulizie jioni.

Mimi naingia Jumatano na Jumapili, kabla jua halijapanda. Mbwa naye naenda naye, maana tumbili bado wako mtoni.