Watoto wanne hawapunguzi PAYE, na anayekuambia hivyo anakuibia

SWALI: Mhasibu, habari za kazi. Nimeajiriwa kwenye kiwanda cha minofu ya samaki hapa Ilemela. Mshahara wa msingi ni 800,000 na posho ya nyumba 200,000. Kwenye slipu nakatwa NSSF 100,000, PAYE (kodi ya mshahara) 128,000 na Bodi ya Mikopo 120,000. Mke wangu hana ajira, tuna watoto wanne, na mama yangu aliyeko Sengerema ananitegemea. Siku za mshahara kuna kijana huja getini, anasema TRA ina punguzo la kodi kwa wenye familia. Unampa vyeti vya kuzaliwa vya watoto, namba ya NIDA, TIN (namba ya mlipakodi) pamoja na nywila, na 30,000 kwa kila mtoto, halafu PAYE inashuka na ya miaka ya nyuma unarudishiwa. Wenzangu kadhaa wameshatoa. Je, na mimi nimpe? Na ada za shule na mkopo wa chuo, haviwezi kuondolewa kabla ya kodi kupigwa? — Baba wa wanne, Ilemela

JIBU: Usimpe, ndugu yangu. Usimpe hela, usimpe hata nakala ya cheti kimoja.

Swali hili linanifikia mara kwa mara, kwa watu wa viwandani, walimu wa shule binafsi, walinzi na wahudumu wa hoteli, na kila likija kuna mtu ameshaliwa hela yake. Kwa hiyo niseme wazi: Sheria ya Kodi ya Mapato ya mwaka 2004 haina punguzo la mke, mtoto wala mzazi kwenye mshahara wa mfanyakazi. Kapera na baba wa watoto wanane wakilipwa sawa na kuchangia mfuko sawa, PAYE yao ni ileile. Mimi mwenyewe naona mzigo wa familia ulistahili kuangaliwa, na nimelisema hilo kila nilipopata nafasi. Lakini ninalotamani mimi si sheria, na kijana wa getini hawezi kukusajilia kitu kisichokuwepo.

Nadhani najua uzushi huu unapopatia nguvu. Kwanza ni video za majirani zetu. Kenya mfanyakazi hupewa nafuu ya kodi ya shilingi 2,400 za kwao kila mwezi, na ipo nafuu nyingine kwa anayelipia bima. Mtu wa Mwanza anatazama kwenye simu, Kiswahili ni kilekile, anadhani anaambiwa yeye. Hata hiyo ya Kenya haihesabu watoto. Anaipata mwenye nao na asiye nao. Wengine wanasikia habari za ndugu walioko Marekani, ambako mtoto kweli anapunguza kodi ya mzazi, wanaichukua nzima nzima na kuileta Igoma.

Pili, na hapa ndipo vishoka wanapojipatia maneno ya kitaalamu, watoto wanne wametajwa kweli kwenye sheria yetu. Wametajwa kwenye matibabu. Mwajiri akigharamia matibabu au bima ya afya yako, mwenza wako na watoto wenu hadi wanne, na akawapa huduma hiyo wafanyakazi wake wote wa kudumu kwa masharti sawa, gharama hiyo haihesabiwi kuwa kipato chako, kwa hiyo haitozwi kodi. Hayo ni matibabu anayolipia mwajiri. Hayashushi hata senti kwenye PAYE ya mshahara wako, na hayahitaji mtu wa kukusajilia watoto popote.

Ada za shule, mkopo wa chuo, mkopo wa benki, michango ya SACCOS, ada ya chama cha wafanyakazi, makato ya bima ya afya: vyote hivi vinatoka kwenye mshahara ambao kodi imeshapigwa. Kinachotangulia kutolewa kabla ya kodi ni kimoja, mchango wako wa kisheria kwenye mfuko wa hifadhi ya jamii. Kwako ni NSSF.

Sasa chukua slipu yako tuisome, kwa sababu ndani yake kuna jambo ambalo hukuliuliza. Mapato yako ni 1,000,000. Ukitoa NSSF 100,000 inabaki 900,000, na hiyo ndiyo inayotakiwa kutozwa kodi. Kwa viwango vilivyoanza Julai 2021, 270,000 ya kwanza haina kodi. Kutoka hapo hadi 520,000 ni asilimia 8, yaani 20,000. Hadi 760,000 ni asilimia 20, yaani 48,000. Zinabaki 140,000 zinazotozwa asilimia 25, yaani 35,000. Jumla ni 103,000. Wewe unakatwa 128,000, na hiyo ndiyo kodi ya mtu anayetozwa kwenye milioni nzima. Anayeandaa mishahara yenu anapiga kodi kwanza, NSSF anaitoa baadaye. Unapoteza 25,000 kila mwezi, 300,000 kwa mwaka.

Hili linaniuma kuliko yote. Mtu anachanga 120,000 kumpa kishoka anunue punguzo ambalo halipo, na punguzo alilopewa na sheria linampita kila mwisho wa mwezi kwenye karatasi aliyoikunja mfukoni. Nenda kwa mhasibu wa kiwanda na slipu za miezi iliyopita, mwonyeshe hesabu hii kama nilivyoiandika. Kama kosa ni la mfumo wao, basi mpo wengi, na ni vizuri mwende pamoja. Mwajiri ndiye anayewasilisha PAYE TRA, kufikia tarehe 7 ya mwezi unaofuata, kwa hiyo yeye ndiye wa kurekebisha na kufuatilia iliyozidi. Akikupiga chenga, nenda mwenyewe ofisi ya TRA ya mkoa na slipu zako, uandike maombi. Kusikilizwa pale hulipii.

Ukiwa huko kiwandani utakutana na mtaalamu wa aina nyingine. Huyu anavaa tai na anaongea na waajiri. Ushauri wake ni kwamba nusu ya mshahara iitwe posho ya nyumba, posho ya usafiri, posho ya mazingira magumu, eti posho hazitozwi. Posho za namna hiyo zimesamehewa kwa watumishi wa serikali na wa taasisi ambazo bajeti yake kwa sehemu kubwa inatoka serikalini. Mwalimu wa shule ya serikali kule Ukerewe akipewa posho ya mazingira magumu haikatwi kodi. Wewe wa kiwanda binafsi, posho yako ya nyumba ni mapato kama mshahara. Mwajiri akificha posho, siku ya ukaguzi anadaiwa kodi yote na riba, na mara nyingi wakati huohuo NSSF yako imekuwa ikihesabiwa kwenye kile kimshahara kidogo kilichobaki. Uzeeni utayaona matokeo yake kwenye pensheni. Na wapo wanaoshauriwa kuficha kazi ya pili, kwa mfano anayefanya uhasibu mchana na kufundisha jioni. Ajira ya pili hutozwa asilimia 30 tangu shilingi ya kwanza, kwa kuwa ile 270,000 isiyo na kodi tayari umeitumia kwenye ajira kuu. Inauma, lakini ni afadhali kuijua kabla ya kusaini mkataba.

Nirudi kwa huyo wa getini, maana amewaomba nywila, na hapo ndipo hatari ilipo kubwa kuliko hizo hela. Mwajiriwa ambaye kipato chake pekee ni mshahara unaokatwa PAYE na mwajiri hatakiwi hata kuwasilisha ritani ya mwaka, yaani taarifa ya mapato na kodi yake. Hakuna msimu wa kurudishiwa kodi hapa kwetu. Kwa hiyo mtu anayeingia kwenye akaunti yako ya TRA kukuombea marejesho ni lazima aandike kitu cha uongo, na anaandika kwa jina lako. Nimeletewa watu ambao TIN zao zilifunguliwa biashara wasiyoijua, wakaanza kudaiwa kodi ya makadirio ya duka ambalo hawajawahi kulikanyaga. Wengine waliwasilishiwa kwa majina yao ritani zenye gharama za kubuni. Sheria ya Usimamizi wa Kodi ya mwaka 2015 inaadhibu taarifa za uongo, na barua ya madai inakuja kwa mwenye TIN. Kishoka huyo laini yake imeshazimwa, au amehamia Nyegezi anatafuta geti jingine.

Ukitaka kumpima mtu yeyote anayekuja na habari za kodi, mwombe vitu viwili: kifungu cha sheria anachokitumia, na namba ya usajili wake kama mshauri wa kodi. Malipo ya TRA yana kumbukumbu namba ya malipo, na fedha huingia serikalini. Mtu anayetaka utume kwenye namba yake ya simu hakusanyi kodi. TIN yenyewe hutolewa bure. Mkeo akitaka kuanza kuuza dagaa pale Mwaloni aende kuichukua mwenyewe, na atatozwa kwa jina lake, mbali na mshahara wako.

Wenzako waliokwisha kutoa wasikae kimya kwa aibu. Leo hii waingie kwenye akaunti zao wabadilishe nywila, waangalie kama namba ya simu na barua pepe zilizosajiliwa bado ni zao, na kama kuna biashara au ritani iliyoongezwa. Wakikuta kitu, waende TRA wakaripoti kwa maandishi na wabaki na nakala yenye mhuri, kisha polisi, wakiwa na ujumbe wa simu wa zile 30,000 walizotuma.