Mama, nikatae vipi kumwaga mbege?

Anayejibu barua za safu hii ni mkunga mstaafu na mzee wa kanisa katika usharika mmoja wa Kilutheri mkoani Kilimanjaro. Barua zimefupishwa.

Shikamoo Mama. Mimi ni kijana wa miaka 31, mhasibu hapa Dar es Salaam, kwetu Rombo. Baba alifariki mwaka juzi, na mimi ndiye kifungua mimba. Desemba iliyopita tulipopanda nyumbani kwa Krismasi, baba mkubwa aliniita mgombani, kwenye mimea ya masale alipozikwa babu, akanipa kata ya mbege, pombe yetu ya ndizi na ulezi, niwamwagie wazee waliotangulia na kuwaambia baba amefika. Nimeokoka tangu nikiwa chuo. Mkono ulitetemeka lakini nilimwaga, maneno nikayasema kwa sauti ya chini huku moyoni nikisema "Yesu nisamehe." Kesho yake nikaenda ibadani nikashiriki Chakula cha Bwana. Hakuna aliyejua. Sasa amepiga simu: mbuzi ameshapatikana, nichangie 150,000, na mwaka huu ndilo tambiko lenyewe. Mchungaji wangu huku anasema nisikanyage kabisa. Mama analia kwenye simu, anasema nisipokwenda ataambiwa yeye ndiye aliyenipotosha. Nisafiri, au niseme nimepata dharura ya kazini?
Kifungua Mimba, Dar es Salaam

Marahaba, mwanangu. Pole kwa msiba wa baba.

Barua yako nimeisoma mara mbili, na mara zote mbili nimekwama pale mwishoni, kwenye "dharura ya kazini." Umeniuliza habari za mbege, lakini hiyo dharura nayo ni kata ile ile, ila hii unaimwagia Dar. Mwaka jana ulitaka ukoo wakuone mwenzao na Yesu akuone mwenzake, wote kwa wakati mmoja. Mwaka huu unatafuta njia ya kufanya vile vile bila kupanda basi.

Usidhani nakusema nikiwa nimekaa juu ya mti. Mwaka 1974 nilikuwa mkunga mpya wa miaka 23, zamu ya usiku, hospitali nisiyoitaja. Daktari wa zamu alikuwa mtu wa kututania sisi wa maombi. Akituona tunanong'ona anauliza kama malaika wameshaleta dripu. Usiku huo amesimama karibu na dirisha anaandika faili, mimi nakunja mashuka, navumisha wimbo wa kanisani bila kujijua. Bibi mmoja aliyekuwa amemleta mkwewe akaja akanishika kiganja. Akaniuliza, "Mwanangu, wewe ni mtu wa sala?" Nikamtupia daktari jicho. Nikasema, "Mimi nesi tu, bibi." Akaniachia mkono, akarudi kukaa kwenye benchi.

Asubuhi ndipo nikaelewa. Mkwewe alikuwa anavuja damu nyingi baada ya kujifungua, na bibi alikuwa anatafuta mtu yeyote wa kuomba naye. Damu ilipatikana, mama yule alipona, mtoto naye mzima. Hakuna aliyenitishia kisu. Nilimkana Bwana wangu kwa kuogopa kutaniwa, tena mbele ya mtu aliyekuwa ananiomba nimtaje. Petro angalau palikuwa na askari.

Kwa hiyo jambo la kwanza nakuambia: usingoje Desemba. Aliyeshikishwa kata mbele ya wajomba na mashangazi kumi na wanane hana tena nafasi ya kufikiri. Mkono utaenda wenyewe kama ulivyoenda. Panda basi mwezi huu, Ijumaa jioni, rudi Jumapili. Mbebee baba mkubwa sukari na majani ya chai, mkute nyumbani kwake asubuhi kabla watu hawajajaa, umwambie mwenyewe. Simu haifai kwa jambo hili. Mzee wa Kichaga ukimkatalia kwa simu umemtukana mara mbili.

Na umwambie yote, pamoja na ya mwaka jana. "Baba mkubwa, ile mbege niliimwaga kwa woga, si kwa kuamini. Nilikudanganya wewe, na nilimdanganya Mungu wangu. Mwaka huu siwezi." Ukificha ya mwaka jana, atakuuliza kwa haki kabisa: mbona uliweza?

Marehemu mume wangu alikataa kata mwaka 1979 mbele ya baba yake mzazi. Nilikuwepo, mtoto mgongoni. Hakuhubiri. Alisema, "Baba, nimebatizwa kwa jina moja, siwezi kuita jingine. Lakini mbuzi nitamchuna, kuni nitapasua, na wewe nitakutunza." Mkwe wangu alimtazama kwa muda, kisha kata akampa mdogo wa mume wangu. Mume wangu akavua shati akaanza kupasua kuni. Tulikaa mpaka nyama zikagawiwa, kila mmoja na fungu lake kwa cheo chake. Fungu letu lilikuwa dogo kuliko la mwaka uliotangulia, nikalipokea kwa mikono miwili.

Mzee hakumsemesha karibu mwaka mzima. Baadaye alipopooza, aliyemwogesha kila asubuhi kwa miaka minne ni huyo huyo aliyekataa kata. Sitakudanganya kwamba mambo yaliishia kanisani: mzee hakubatizwa. Ila siku moja alimwambia yule mdogo, mimi nikisikia, "Huyu ukimuuliza kitu, ukijibiwa umejibiwa."

Kuhusu mchungaji wako wa Dar, namheshimu ila simwungi mkono. Ukikaa huko, mama yako atabaki peke yake kwenye jiko la moshi akitetea imani ya mwanawe. Nenda. Mtume Paulo aliwaandikia Wakorintho jambo lililo karibu sana na lako, sura ya 10 ya waraka wa kwanza: nyama ya sokoni kuleni bila kuulizauliza, mkialikwa kwa asiyeamini kuleni mnachoandaliwa, lakini mtu akikwambia hii imetolewa sadaka kwa miungu, hiyo acha. Hakusema usiende karamuni. Sasa wewe umeshaambiwa mbuzi yule ni wa nini. Basi mwambie baba mkubwa kwamba fedha zako si za mbuzi wa tambiko. Utanunua mchele, ndizi za mtori na nyama ya buchani ya kuwalisha wageni wote, na hata ikizidi hiyo 150,000 uitoe. Asiseme umekataa kwa ubahili. Hilo nimeliona: vijana wanaokoka na mfuko nao unaokoka siku hiyo hiyo, hautoki tena.

Jambo jingine ambalo wahubiri wengi hawaligusi. Tambiko lile lina uchungu ndani yake. Baba mkubwa amezika mdogo wake, anaogopa atasahauliwa. Ukikataa kata ukakaa kimya, anachosikia ni kwamba mtoto hamtaki baba yake. Kwa hiyo uwe na la kufanya. Lijengee kaburi. Omba ruhusa, watu wakishakula, usimame umtaje baba yako kwa jina, useme alikufundisha nini, umshukuru Mungu kwa ajili yake mbele ya ukoo mzima, kwa jina la Yesu na kwa sauti ya kusikika. Dakika tatu zinatosha. Usiwahubirie moto, hiyo siku si yako.

Halafu ukubali gharama. Mwakani ng'ombe akifa, watasema ni wewe. Dada yako akichelewa kupata mimba, watasema ni wewe. Katika nchi ya Wakikuyu miaka ya 1950, wakati wa Mau Mau, walokole, Wakristo wa uamsho, walikataa kiapo cha wapiganaji chenye damu ya mbuzi, wakisema wameshakunywa damu ya Kristo. Na wengi wao walikataa vile vile kubeba bunduki upande wa serikali ya kikoloni. Wakaonekana wasaliti pande zote mbili, na baadhi waliuawa. Wewe utanuniwa Krismasi mbili tatu. Inauma, usiniambie haiumi, lakini inabebeka.

Kuhusu Chakula cha Bwana ulichoshiriki na siri yako mfukoni: nenda kwa mchungaji, mkae wawili, uungame, usikie ondoleo la dhambi kwa masikio yako. Kwaya haina haja ya kujua. Na mpigie mama yako leo, kabla hujampigia mtu mwingine. Mwambie unakuja, na utasema mwenyewe.

Mama, shikamoo. Nafanya kazi za ndani Muscat, Oman, mwaka wa pili sasa. Wakala aliyenileta aliniambia nijiite Mariamu na nisiseme mimi ni Mkristo, ndipo nitapata nyumba nzuri. Nyumba kweli ni nzuri. Bibi mwenye nyumba alizaliwa Unguja, tunaongea Kiswahili, ananiita mwanangu. Wakiuliza mbona sisali nasema niko kwenye siku zangu, lakini siku zenyewe zimeshazidi! Usiku nasoma Biblia kwenye simu nikiwa nimejifunika shuka. Je, nimemkana Yesu?
Binti wa Singida

Marahaba, binti yangu. Kwanza umenichekesha, na mimi mkunga: siku gani hizo zisizokwisha? Bibi aliyelea mabinti ameshazihesabu kitambo. Nadhani anajua, anakungoja wewe useme.

Kunyamaza si kukana. Mtu anaweza kufanya kazi kwenye nyumba ya watu wa imani nyingine miaka kumi, akapika, akafua, akanyamaza, na asiwe amemkana mtu. Kusoma chini ya shuka nako si dhambi. Nikodemo alikwenda kwa Yesu usiku na hakufukuzwa. Kinachokutafuna ni hilo jina la bandia na huo uongo wa kila wiki. Mama wa watu anakuita mwanangu, na anayemwita hayupo.

Lakini sikutumi vitani bila viatu. Kabla hujasema lolote, piga picha pasipoti na mkataba wako uwatumie ndugu zako, namba ya ubalozi wetu hapo Muscat uwe nayo kichwani na si kwenye simu tu, na uwe na akiba kidogo. Ujue pia kwamba kuwa Mkristo Oman si kosa. Yapo makanisa mtaa wa Ruwi, kwenye ardhi iliyotolewa na Sultani Qaboos, na ibada kubwa huwa Ijumaa kwa kuwa ndiyo siku ya mapumziko. Kisichoruhusiwa ni kumhubiria Mwislamu ili abadili dini. Kwa hiyo wewe humhubirii mtu. Wewe unarudisha jina lako.

Chagua saa ambayo bibi ametulia, labda unampaka mafuta miguuni au unamchambulia mchele. Mwambie: "Bibi, nina jambo linanikaa kooni. Jina langu si Mariamu. Mimi ni Mkristo. Niliogopa kukosa kazi. Nisamehe." Basi. Usimtaje wakala kwa hasira, usianze kueleza Utatu. Mtu wa Unguja amekua akisikia adhana na kengele za kanisa la Mkunazini kwa pamoja, hutakuwa Mkristo wa kwanza kumwona. Akikuuliza unaamini nini, mjibu kwa upole, kwa kifupi, kama mtu anayeeleza habari za kwao. Akikasirika, omba radhi tena, endelea na kazi. Ikitokea ukarudishwa kwa wakala, hapo ndipo ile namba ya ubalozi ina kazi.

Na Ramadhani usile wala kunywa mbele yao mchana, hata kama sasa watajua hufungi. Hiyo ni adabu ya kukaa kwa watu.

Niandikie tena, na safari hiyo utie sahihi jina lako.

Bwana asifiwe Mama. Sisi ni kanisa dogo Morogoro, tuna mkesha kila Ijumaa. Mwenyekiti wa mtaa ametuita mara mbili kwa sababu ya spika. Majirani wamechonga midomo. Je, haya si ndiyo mateso tuliyoambiwa? Maandiko yanasema tusiionee haya Injili.
Mwinjilisti

Amina, mwinjilisti. Hapana. Hayo si mateso, huo ni usingizi wa watu.

Mwaka 1977, siku chache baada ya CCM kuzaliwa, redio ilituletea habari za Askofu Mkuu Janani Luwum wa Uganda. Yeye na maaskofu wenzake walikuwa wamemwandikia Idi Amin barua kulalamikia mauaji, wakaitia sahihi zao. Tarehe 16 Februari aliuawa. Serikali ikasema ni ajali ya gari. Yule hakuionea haya Injili, na silaha yake ilikuwa karatasi na wino. Ninyi mnapiga kelele saa nane usiku kwa watu waliolala, mchana mkikutana nao dukani mnaangalia pembeni.

Geuzeni spika zitazame ndani, na saa nne usiku mzizime kabisa, sauti zenu zinatosha. Nendeni kwa mwenyekiti kabla hajawaita mara ya tatu. Na lazima kwenye mtaa huo kuna nyumba yenye mtoto mchanga. Huyo mama hajalala tangu ajifungue. Mpelekeeni uji wa ulezi, mmoja wenu akae amshikie mtoto kwa muda wa saa mbili apumzike. Mikono muoshe kwanza.