Ramani ya Nyumba Ije Mwisho: kwa wanaoanza kazi ya makazi ya waliohamishwa na maafa Kigoma

Vijana wanaopangiwa kazi kwenye halmashauri za Kigoma, wawe maafisa mipango, wapima ardhi au maendeleo ya jamii, wakitupwa kwenye jukumu la kuwatafutia makazi ya kudumu watu waliofukuzwa na maji, huwa wanaanza na swali moja: ramani ya nyumba iko wapi, na ni vyumba vingapi? Wadogo zangu, ramani ya nyumba ndiyo rahisi kuliko vyote. Fundi mzuri wa Ujiji atakuchorea kwenye karatasi ya daftari na nyumba itasimama. Kinachoua miradi hii kiko nyuma ya ramani: orodha, ardhi na riziki.

Tuanze na ofisi, maana mgeni hupotea hapa mapema. Kigoma ukitaja watu waliokimbia makwao, akili za wengi zinakwenda kambi za wakimbizi za Nyarugusu na Nduta. Wale wamevuka mpaka, wanashughulikiwa kwa Sheria ya Wakimbizi ya 1998 na Wizara ya Mambo ya Ndani. Mtanzania aliyebomokewa nyumba Kibirizi, ufukweni mwa Kigoma, ni shauri jingine. Yeye anaangukia Sheria ya Usimamizi wa Maafa ya 2022, kupitia kamati ya maafa ya wilaya ambayo mwenyekiti wake ni mkuu wa wilaya, na juu kabisa Ofisi ya Waziri Mkuu. Barua ikipelekwa dawati lisilohusika itazunguka hadi mvua nyingine inyeshe. Jua pia kwamba msaada wa maafa si fidia. Fidia inadaiwa pale serikali inapotwaa ardhi ya mtu. Ziwa likimchukulia mtu kiwanja, hakuna sheria inayomlipa, na ni heri umwambie hivyo siku ya kwanza kuliko kumwacha ajenge matumaini.

Sasa ziwa lenyewe. Maji ya Tanganyika yalipanda sana kuanzia 2020 na 2021, yakaingia kwenye nyumba za ufukweni upande wetu, na ng'ambo ya Burundi watu wa Gatumba wakahama kwa maelfu. Mgeni atadhani ni jambo geni. Wazee wa Ujiji watakusimulia maji ya mwanzoni mwa miaka ya 1960, yaliyopanda vilevile kisha yakarudi taratibu, na watu wakajenga pale yalipotoka. Kabla ya hapo, Stanley, yule msafiri wa Kizungu, aliporudi Ujiji 1876 alikuta miti aliyoiacha sokoni 1871 imesimama ndani ya maji. Ziwa hili lina mlango mmoja tu wa kutokea, Mto Lukuga kule Kalemie, na mlango huo ukiziba au mvua zikizidi, maji hupanda miaka na miaka. Leo ukitembelea ule mnara wa Livingstone pale Ujiji, utaona umekaa mbali na maji, ingawa mahali pale palikuwa jirani na ufukwe.

Nalisema hili kwa sababu lina uzito kwenye mpango. Maji yatarudi nyuma siku moja, na yakirudi, ardhi tambarare yenye rutuba itaonekana tena, na watu watataka kurudi. Kwa hiyo jambo la kwanza kuamuliwa kabla ya kutafuta eneo jipya ni hatima ya eneo la zamani. Sheria ya Usimamizi wa Mazingira ya 2004 inakataza shughuli za kudumu ndani ya mita 60 kutoka ukingo wa ziwa. Lakini ukingo upi, wa mwaka gani? Kaeni na watu wa bodi ya maji ya bonde la ziwa, na mpima, na viongozi wa mtaa, mkubaliane mstari, mweke vigingi, mwandike kwenye muhtasari. Usipofanya hivyo utajenga nyumba kule juu, na baada ya miaka mitano huku chini pana mtaa mpya wenye watoto wa wale wale.

Kuna njia tatu zinazotambulika duniani kwa watu waliohamishwa ndani ya nchi: kurudi walikotoka, kubaki pale walipohifadhiwa, au kuhamia kwingine. Ofisi nyingi hukimbilia ya tatu kwa sababu inapigika picha. Ukweli wa Kigoma ni kwamba wengi wa waliopoteza nyumba wamejishikiza kwa ndugu, mtaa wa pili au wa tatu, na wangefurahi kusaidiwa kiwanja hapo hapo. Ulizeni kwanza. Itawapunguzia kazi nusu.

Orodha ndiyo inayotaka kichwa kitulie. Mtaa wa wavuvi hauhesabiki kama kijiji cha wakulima. Mvuvi wa dagaa anakwenda ziwani giza likiwa totoro. Mwezi ukiwa mpevu dagaa hawavutwi na taa, kipe, yaani vyombo vya kuvulia dagaa, zinapumzika, watu wako nyumbani au wamepanda mlimani kwenda shambani. Ukifanya sensa yako wakati wa giza, utawakuta wanawake na watoto, wanaume wamelala kutokana na uchovu wa usiku, na wengine wako kambi za uvuvi kusini huko. Angalia mwezi kabla hujapanga gari. Vivyo hivyo usipime kipato cha mtu wakati ziwa limefungwa: mwaka 2024 Serikali ilisimamisha uvuvi Ziwa Tanganyika kuanzia katikati ya Mei hadi katikati ya Agosti, na aliyehojiwa miezi hiyo angeonekana hana kazi kabisa.

Halafu kuna wapangaji. Fomu za maafa zinauliza mwenye nyumba ni nani. Ufukweni nusu ya waliokuwa wanalala kwenye nyumba moja hawakuwa wenye nyumba. Ni wachuuzi wa dagaa, mabinti wa kuanika, mabaharia wa boti za Kongo. Nyumba ikizama, mwenye nyumba anaandikwa, mpangaji anafutika. Wote wawili wamekosa pa kulala, ila haki zao si sawa, basi tengenezeni daftari mbili. Mwenye nyumba asidhani mpangaji anamnyang'anya fungu lake, na mpangaji asibaki mitaani.

Na ndoa za wake wengi. Mzee ana mke ufukweni na mke mwingine kule milimani kwenye mihogo. Ni kaya moja au mbili? Mimi nahesabu majiko. Mama mwenye jiko lake, anayepika na kulisha watoto wake, ni kaya, na jina lake liandikwe. Utapata mabishano na mwenyekiti wa kitongoji, vumilia. Orodha ikikamilika, isibaki kwenye kompyuta ya ofisini. Ibandikwe ukutani ofisi ya mtaa, isomwe kwa sauti mkutanoni, na watu wapewe muda wa kupinga. Majina hewa hayafichuliwi na mkaguzi kutoka mkoani, yanafichuliwa na jirani anayesema, "Huyo mbona anakaa Mwanga miaka yote?"

Ardhi sasa. Halmashauri zetu hazina akiba ya viwanja vya bure, kwa hiyo mara nyingi mnaangukia kijijini. Sheria ya Ardhi ya Vijiji, Na. 5 ya 1999, inatoa njia mbili, na wageni wengi hawajui tofauti yake. Ya kwanza ni kuhaulisha ardhi ya kijiji iwe ardhi ya jumla. Eneo lisilozidi hekta 250 linaidhinishwa na mkutano mkuu wa kijiji, likizidi hapo Waziri ndiye mwenye kauli. Ya pili ni kuiacha ibaki ya kijiji, na wageni wapokelewe kama wanakijiji, wagawiwe na halmashauri ya kijiji kwa ridhaa ya mkutano mkuu, wapate hati za hakimiliki za kimila. Ya pili ni ya polepole kikao kwa kikao, lakini naipenda zaidi, kwa sababu wenyeji wanakuwa wamewapokea watu, hawajatwangwa na amri. Vyovyote iwavyo, mkulima ambaye mihogo au michikichi yake imo ndani ya eneo alipwe kabla tingatinga halijafika. Mchikichi Kigoma si mti wa kivuli. Ni mafuta ya mawese ya ada ya shule. Ukiung'oa bila kulipa umewapandia wageni wako uadui wa vizazi.

Wakati wa kukagua eneo, nendeni Septemba. Kila mahali Kigoma panapendeza mwezi wa tatu. Septemba ndipo utaona kisima kipi kimekauka na akina mama wanafuata maji umbali gani. Chimbeni mashimo ya majaribio ya choo, maana milima yetu ukichimba mita moja unaweza kugonga mwamba. Chukueni na mtu wa RUWASA (maji vijijini) na wa TARURA (barabara) siku hiyo hiyo. Kuwaita baadaye ni kuwaomba waokoe kitu kilichokwisha kuharibika.

Tabora wana somo la kutembelea, na ukipata nafasi nenda: Ulyankulu, wilayani Kaliua. Makazi yale yalifunguliwa kwa wakimbizi wa Burundi wa 1972, kila familia ikapewa ardhi ya kulima, na kwa kulima kwao wakajitegemea, tumbaku ikiwemo. Lakini watu walizidi uwezo wa ardhi na maji, na mwishoni mwa miaka ya 1970 maelfu ikabidi wahamishiwe Mishamo. Mahesabu ya maji na shamba yangefanywa kwanza, familia hizo zisingehama mara mbili. Wengi wao na watoto wao, pamoja na wa Mishamo na Katumba, walipewa uraia wa Tanzania mwaka 2014. Yaani kitu kilichopangwa kama hifadhi ya muda kikawa kwao kwa zaidi ya miaka arobaini. Panga kama kwamba watakaa.

Hapa kwetu kuna kumbukumbu nyingine ambayo usiitanie mbele ya wazee: Operesheni Vijiji ya miaka ya 1970. Watu walibebwa na malori, wakashushwa kando ya barabara, mashamba yao yakabaki nyuma ya mlima. Watongwe wa Mahale walitolewa milimani kipindi hicho, na 1985 ikawa hifadhi ya taifa. Ukiingia na gari la serikali na kutamka kuhamisha, mzee wa miaka sabini anasikia injini ya lori lile. Mpe nafasi aseme yote, hata kama kikao kitachelewa. Maswali yake ndiyo mazuri kuliko ya kamati nzima: shamba liko wapi, wafu wetu tunawaacha na nani, nani kawahi kwenda kuliona?

Riziki ndiyo iliyobaki. Mama anayeanika dagaa anahitaji mchanga au chanja, jua, na ukaribu na mwalo, pale boti zinaposhushia samaki, maana dagaa wa alfajiri hawasubiri daladala. Ukimpa nyumba ya bati kilomita kumi na tano kutoka ziwani, ataipangisha na kurudi kupanga chumba Kibirizi, nawe utaandika kwenye ripoti kwamba walengwa hawana shukrani. Wagaweni walengwa kwa kazi zao. Wavuvi na waanikaji wapewe viwanja vya karibu hata vikiwa vidogo. Wakulima wapewe vya mbali vyenye shamba. Msomera kule Handeni, kwa waliotoka Ngorongoro, Serikali ilitoa nyumba ya vyumba vitatu kwenye ekari mbili na nusu, pamoja na ekari tano za kulima. Mpango ule una wanaousifu na wanaoupinga vikali, na sitaingia humo, ila hesabu ya nyumba kwenda pamoja na shamba iangalieni. Kwa mfugaji na mkulima ina maana. Kwa mvuvi ekari tano milimani ni pori lake la kufyeka.

Nyumba yenyewe nitaipitia haraka. Mwaka wa fedha unaanza Julai, tofali zinafyatuliwa kiangazi, mvua zinaingia Oktoba au Novemba. Fedha ikichelewa hadi Desemba, kama kawaida yake, mtakuwa mnajenga kwenye tope. Kwa hiyo kazi za bila fedha nyingi, yaani upimaji, orodha na vikao, zimalizike kabla ya Juni. Tofali za kuchoma zinakula misitu ya miombo iliyokwisha kuchoka; tumieni za kufungamana, ambazo Wakala wa Taifa wa Utafiti wa Nyumba Bora na Vifaa vya Ujenzi wamezihimiza miaka mingi, na mashine inafundishika kwa vijana wa pale pale. Bati lisiwe jembamba kuliko geji 30, na lenta isirukwe hata mkandarasi akisema ni nyumba ndogo. Afadhali vyumba viwili vyenye msingi wa mawe na nafasi ya kuongeza cha tatu, kuliko vitatu vyenye nyufa. Mkifanya kwa fosi akaunti, yaani halmashauri kujenga yenyewe kwa mafundi bila mkandarasi, muwe na mtu anayehesabu saruji kila jioni, siyo kila Ijumaa.

Makabidhiano yatakuwa na ngoma na mgeni rasmi. Hati iwe tayari siku hiyo, na iwe na majina ya mume na mke, siyo funguo leo na karatasi mwakani. Baada ya mvua ya kwanza rudini nyumba kwa nyumba mkaangalie mitaro, vyoo, na nani analala humo. Nyumba mtakazozikuta na kufuli msianze kwa kutishia kunyang'anya; muulizeni jirani mwenyewe amekwenda wapi, na mara nyingi atawaonyesha njia ya mwaloni. Pelekeni jibu hilo kwenye kikao cha bajeti cha Januari, mkaombe barabara au eneo la kuanikia.